Kidole Gumba cha Bwana Raithby

Mwaka 1974 wezi waliingia katika jumba la Harsby kwa dirisha la stoo ya maziwa, wakaondoka na saa mbili za mezani na bunduki ya marehemu babu wa nyumba. Vyombo vya fedha hawakuvipata. Vilikuwa nyuma ya mlango wa chuma, na ufunguo wake ulikuwa shingoni mwa Cuthbert Raithby, aliyekuwa amelala. Kesho yake polisi wa kijiji alikuja na wino na karatasi kuchukua alama za vidole za watu wote wa nyumba, ili azitenganishe na za wezi. Alipofika kwa Raithby alijaribu mara nne. Kila mara karatasi ilibaki na madoa kumi ya duara, laini, yasiyo na mstari hata mmoja.

"Bwana Raithby," polisi alisema, "siku utakayoamua kuiba wewe, mimi naacha kazi."

"Ningekuwa mwizi ningeanza na zile biskuti unazozificha kituoni."

Alama za vidole vyake zilikuwa zimekwisha kabla hajafika miaka thelathini. Alizaliwa mwaka 1929, maili tano kutoka Harsby, katika vilima vya Lincolnshire, Uingereza, mtoto wa mchimba mitaro ya mashambani. Alitoka jeshini mwaka 1951 na kuajiriwa jumbani kuwa msaidizi wa Bwana Pask, mtunza vyombo vya fedha. Somo la kwanza lilikuwa fupi. Unachukua unga mwekundu, unaulainisha kwa amonia, unausugulia kwenye fedha kwa vidole vitupu. Hutumii kitambaa. Kitambaa, kwa maneno ya Pask, ni cha mtu asiye na vidole. Wiki ya pili malengelenge ya Raithby yalipasuka, akaenda kumwonyesha bwana wake.

Pask aliyatazama. "Vizuri," akasema. "Endelea."

Aliendelea. Malengelenge yakapasuka juu ya malengelenge, na kufikia Krismasi ngozi ilikuwa imekuwa kitu kingine: ngumu kama soli, laini kama chupa. Watu wa kazi hiyo huiita mikono ya vyombo. Ukiipata huipotezi. Raithby aliweza kushika kikombe cha chai ya moto kwa kukikumbatia wala asikunje uso. Mkewe Edna, aliyefariki mwaka 1979, alikuwa akimtuma atoe mkate kwenye oveni, na alilalamika kwamba akimshika shavu hajui kama ameguswa na mume au na kijiko.

Pask alikufa mwaka 1958. Tangu hapo vyombo vikawa mikononi mwa Raithby peke yake: sahani ishirini na nne, madishi manne marefu na mabakuli mawili ya mchuzi, kazi ya London ya mwaka 1742. Kila Jumatatu alisugua sahani sita. Kila mwezi zote zilikuwa zimepita mikononi mwake, ziwe zimetumika au hazikutumika. Alishika sahani kwa mkono wa kushoto, akaegemeza ukingo kifuani, akaanzia mahali pamoja sikuzote: kwenye nembo, kwa kidole gumba cha kulia. Alisema ukianza na nembo unakuwa umemwamkia mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Jocelyn Tharpe, aliyeagiza vyombo hivyo alipomwoa Honor Scaldwell. Kwa desturi ya watu wa tabaka lao, nembo ya ndoa huchorwa nusu kwa nusu ndani ya ngao moja: upande wa kushoto wa anayetazama ni wa mume, upande wa kulia ni wa mke. Ya Tharpe ilikuwa korongo mmoja. Ya Scaldwell ilikuwa masuke matatu ya shayiri. Honor aliishi Harsby miaka minne, akafa kwa uzazi akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mke wa pili alipeleka picha yake darini, na panya wakaimaliza. Barua zake zilioza katika chumba kilichovuja. Hakuacha mtoto aliyekua. Kilichobaki cha Honor Scaldwell katika nyumba nzima kilikuwa masuke matatu kwenye ukingo wa sahani.

Februari 1989 Bwana Tharpe wa siku hizo alifariki. Kodi ya urithi ilimeza mashamba ya kaskazini, na paa la mashariki likaanza kupitisha maji. Mjane wake, Bibi Venetia Tharpe, mwenye miaka sabini na saba, alimwita Raithby chumbani kwake, akamkaribisha kiti. Hakuwahi kumkaribisha kiti. Raithby akajua kwamba habari ni mbaya.

"Ni vyombo, Raithby," Bibi alisema. "Sina kingine cha kuuza isipokuwa mbwa, na mbwa mwenyewe umemwona."

"Ndiyo, Bibi."

"Kuna njia mbili. Mnada London mwezi wa kumi, sahani nne nne, kila mnunuzi na zake. Au huu mfuko wa urithi wa taifa. Wao wanavinunua vyote, halafu wanaviacha hapahapa, mezani, watu waje kuvitazama. Ila wanataka kuthibitishiwa kwamba vilitengenezwa kwa ajili ya nyumba hii."

"Kwani vilitengenezwa kwa ajili ya nani, Bibi?"

"Hilo mimi na wewe tunalijua. Wao wanataka kuliona."

Raithby alikuwa na miaka sitini. Nyumba ndogo ya kustaafia alikwisha kupewa, na pensheni ingemtosha. Alichotaka kilikuwa kimoja: vile vyombo visitawanywe. Alimwambia hivyo Ivy Maltby, mpishi, ambaye alikuwa jumbani kwa miaka ishirini na sita na hakuwahi kumwacha aseme sentensi mbili mfululizo.

"Wewe ungeoa hizo sahani," Ivy alisema. "Edna, Mungu amrehemu, alikuwa mke wa pili."

Mtaalamu wa mfuko alifika Jumanne ya wiki ya pili ya Juni. Aliitwa Judith Pell, miaka thelathini na minne, mwenye koti la mvua na kioo kidogo cha kukuzia kilichoning'inia kwenye uzi. Raithby alikuwa amezipanga sahani zote juu ya kitambaa cha kijani. Ziling'aa kiasi kwamba dari ilionekana ndani yake, pamoja na doa la maji.

Judith Pell alizitazama kwa muda mrefu bila kugusa. "Sijawahi kuona fedha iliyotunzwa namna hii," akasema.

Raithby alisimama wima zaidi.

Kisha mtaalamu akavaa glavu za pamba, akageuza sahani ya kwanza. Chini mihuri ilikuwa wazi: mji, mwaka, fundi. Pembeni yake kulikuwa na namba moja iliyokwaruzwa kwa ncha ya chuma, pamoja na uzito, kama mafundi wa zamani walivyofanya kwa kila sahani ya seti. Akageuza ya pili, ya tatu, hadi ya ishirini na nne. Namba zilifuatana. Kisha akarudi juu, kwenye nembo, akaweka kioo jichoni.

Akaleta sahani karibu na mdomo, akaipulizia pumzi ya moto. Fedha iliyochorwa ikafutika hukumbuka: kwenye ule ukungu mchoro wa zamani hutokeza kwa sekunde mbili tatu kabla ya kukauka. Kwenye ukungu kulitokea shingo ya korongo na mguu mmoja. Upande wa kulia hakukuwa na kitu. Akapulizia ya pili. Korongo, hafifu. Kulia, hakuna.

"Bwana Raithby, unazisuguaje?"

Alimwonyesha. Mkono wa kushoto, kifuani, kidole gumba cha kulia juu ya nembo. Alizungusha mara tatu hewani, bila unga. Judith Pell alikitazama kile kidole, akaitazama sahani.

"Na mara ngapi?"

"Kila moja mara moja kwa mwezi. Miaka thelathini na minane sijaruka, ukiacha wiki mbili za nimonia na siku nne za mazishi."

Mtaalamu alivua glavu, akakaa. Alimweleza polepole, bila ukali. Kila msuguo huondoa utando mwembamba wa fedha, mwembamba kuliko ukungu ule. Si yeye peke yake. Kabla yake kulikuwa na Pask, na kabla ya Pask watu wa karne mbili. Lakini mchoro una kina chake, na kina kimekwisha. Na shida ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu ya Tharpe mwingine, Septimus, aliyeishi miaka mia moja baadaye na kupenda minada. Septimus alinunua fedha kuukuu popote alipoiona na kuichora korongo wake. Kwa hiyo korongo peke yake hathibitishi kitu. Mihuri inasema 1742, lakini haisemi meza ya nani. Masuke ya shayiri ndiyo yangesema, kwa kuwa yalikuwa ya Honor, na Honor alikuwa Harsby miaka minne tu.

"Madishi je? Mabakuli ya mchuzi?"

"Nimeyaona. Ni yaleyale," Judith Pell alisema. "Ulianza na nembo kila mara?"

"Kila mara."

Kisha mtaalamu akauliza swali ambalo baadaye Raithby alikiri kwamba lilimpiga kama kofi. "Seti ya nyumba kubwa kama hii kwa kawaida ni sahani thelathini na sita. Hakuna nyingine mahali popote?"

"Hakuna," Raithby alisema.

Zilikuwepo. Zilikuwa kumi na mbili, ndani ya kasha la mwaloni, chini ya ngazi ya chumba cha vyombo vya fedha, zimefungwa kwa sufu ya kijani iliyoliwa na nondo. Inasemekana ni mke wa pili aliyeziweka kando. Hakutaka meza nzima imkumbushe marehemu, na waliokuja baada yake hawakuwa na wageni wa kutosha kuzihitaji. Pask alimwonyesha Raithby kasha hilo mwaka 1951 na kusema, "Hizo bado." Raithby mwenyewe aliendelea kusema bado kwa miaka thelathini na minane. Kila majira ya joto alipanga kuzifikia, na kila majira ya joto zile ishirini na nne zilimmaliza. Sasa zilikuwa nyeusi kama masufuria ya kambi. Kwa mtunza vyombo hakuna aibu inayozidi hiyo. Mtu aliyeona fedha nyeusi chini ya ulinzi wako amekuona wewe uchi.

Judith Pell alisema angekunywa chai na Bibi, angelala hotelini mjini, na kesho saa nne angepita kuaga kabla ya kwenda kuandika ripoti yake. Hakusema itakuwaje, na hakukuwa na haja.

Jikoni, Ivy alikuwa anakata mkate wa zabibu na jibini. Raithby aliketi bila kuvua koti.

"Amesema nini?"

"Amesema nimemfuta."

"Umemfuta nani?"

"Honor. Bibi wa kwanza. Kwa kidole hiki." Alikinyanyua. "Ameniuliza kama kuna sahani nyingine."

"Na ukamwambia kuhusu zile za chini ya ngazi."

Raithby alivuta sahani ya mkate karibu yake.

"Cuthbert! Ukamwambia?"

"Unataka nimwonyeshe vile? Mwanamke amesema hajawahi kuona fedha iliyotunzwa hivi, halafu nimtolee makaa?"

"Ee Mungu wangu." Ivy aliweka kisu chini. "Unajua wewe unafanana na nani? Dada yangu Mavis. Alikataa kwenda kwa daktari mpaka afue nguo za ndani. Akafua, akazipiga pasi, akafa zikiwa safi."

"Mavis hakufa. Yuko Skegness."

"Alikaribia! Usinibadilishie habari. Hizo sahani zikienda London, hiyo sifa yako utamwonyesha nani? Mbwa?"

"Nitazisafisha kwanza," Raithby alisema. "Asubuhi na mapema. Nitampa zikiwa safi."

Ivy alimtazama kama mtu anayemtazama ng'ombe akirudi kwenye tope alimotolewa. Lakini alikuwa na keki motoni, akamwacha aende.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi iliyofuata, jua likiwa limekwisha kutoka, Raithby alilivuta kasha. Alitoa sahani namba 36, akachanganya unga na amonia, akaegemeza ukingo kifuani. Nembo haikuonekana, ilikuwa giza ndani ya giza. Aliweka kidole gumba mahali pake. Mzunguko wa kwanza ulileta tope jeusi, wa tano ukaleta mwanga. Alisugua ukingo wote kwa nusu saa bila kusimama. Alipofuta tope na kuigeuza dirishani, aliona nembo nzima kwa mara ya kwanza maishani mwake. Korongo alikuwa na manyoya. Alikuwa na jicho. Kando yake masuke matatu ya shayiri yalisimama yakiwa na ndevu zake zote, nyembamba kama nywele, na punje za kuhesabika.

Alikuwa amewahi kuyajua masuke hayo kama vivuli tu, na kabla ya hapo kama maneno ya Pask. Hakujua kwamba yana ndevu.

Ivy alimkuta saa mbili, na chai. Sahani moja iling'aa mezani, kumi na moja zilikuwa nyeusi, na Raithby alikuwa amekaa, mikono yote miwili chini ya mapaja, kama mwanafunzi aliyeambiwa asiguse.

"Umechoka?" Ivy aliuliza.

"Hapana."

"Basi mbona umeacha?"

"Masuke yana ndevu, Ivy," alisema. "Njoo uone. Nimeyasugua mara moja tu, na nimejiuliza hii mara moja imechukua nini."

Ivy aliinama, akazihesabu punje za suke moja kwa macho. "Kunywa chai yako. Na uoshe uso, una tope mpaka sikioni. Yule mama akikuona hivyo atadhani umetoka mgodini."

Judith Pell alipofika saa nne, Raithby alikuwa amesimama kando ya kitoroli cha chai, sahani kumi na mbili zikiwa juu yake.

"Bi. Pell, jana nilikudanganya," alisema. "Hizi zilikuwepo. Ni nyeusi kwa sababu sikuwahi kuzigusa, na sikutaka uone. Ile moja nimeisafisha leo asubuhi. Hizo nyingine sijazigusa."

Mtaalamu alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya kitoroli, na koti lake la mvua. Aligeuza namba 25. Mwandiko wa namba ulikuwa uleule, mkia wa tano umepinda vilevile, na uzito umekwaruzwa mahali palepale. Akageuza juu, akainamisha sahani kuelekea dirishani mpaka mwanga ukapita kwa ubavu. Chini ya weusi mchoro ulikuwa mkavu na mkali.

"Shayiri," alisema. Akatoa ya pili. "Shayiri." Baada ya ya sita aliacha kusema. Aliketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza. "Bwana Raithby, kama ungekuwa mtunzaji bora kidogo kuliko ulivyo, leo nisingekuwa na kitu cha kuandika."

"Sijui kama hiyo ni sifa."

"Hata mimi sijui. Lakini tafadhali, usisafishe nyingine hata moja."

Ripoti ilikubaliwa mwezi wa tisa. Thelathini na sita zilihesabiwa kuwa seti moja, za mwanzo zikithibitishwa na za mwisho, na madishi na mabakuli yakafuata kwa kuwa mihuri ni ileile na fundi ni yuleyule. Paa lilizibwa kabla ya theluji. Barua ya mfuko ilikuwa na kurasa nne za masharti, na Bibi Tharpe alimsomea Raithby ukurasa wa tatu kwa sauti, kwa sababu hakutaka ausome peke yake. Unga wowote ni marufuku. Vidole vitupu ni marufuku. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kwa glavu, mara moja kwa mwaka, mbele ya mtaalamu. Sahani kumi na moja nyeusi ziachwe zilivyo.

"Pole, Raithby," Bibi alisema.

"Hapana, Bibi. Ndivyo inavyostahili." Alitazama vidole vyake. "Jumatatu nitafanya nini?"

Bibi akamwambia apumzike, neno ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitumia kwake. Jumatatu ya kwanza alisugua vishikio vyote vya milango, vya shaba. Jumatatu ya pili Ivy alimfukuza jikoni alipomkuta na birika lake. Jumatatu ya tatu alikwenda chumba cha kulia, akavaa glavu, akakaa kwenye kiti mbele ya kamba nyekundu iliyowekwa kuzizunguka sahani. Alikaa hapo mpaka saa kumi, akaona inawezekana kukaa nazo bila kuzisugua.

Mwezi wa tano uliofuata jumba lilifunguliwa kwa watazamaji kila Jumamosi. Mfuko ulimpa Raithby beji na kazi ya mlinzi wa chumba. Sahani zilikuwa mezani, ishirini na tano zikiwaka na kumi na moja nyeusi upande wa dirisha, kila moja ikiwa imeinuliwa kidogo ili mwanga upite kwa ubavu. Watu wengi walipita kwa zinazowaka, wakasema lo, wakaenda bustanini. Jumamosi ya tatu mama mmoja kutoka Grimsby, mwenye mkoba mkubwa na miguu inayouma, alisimama mbele ya zile nyeusi kwa muda mrefu. Akamgeukia mwenye beji.

"Samahani, baba. Hivi hizi hakuna mtu anayezisafisha?"

"Hakuna, mama."

"Aibu jamani. Nyumba kubwa hivi. Kazi hiyo ilikuwa ya nani?"

"Yangu," Raithby alisema. Akasogeza kamba pembeni, jambo lililokatazwa katika ukurasa wa nne. "Pita huku, inama kidogo. Hapo. Unaona ndevu?"

Mama wa Grimsby aliinama, akashika goti, akafumba jicho moja.

"Nyembamba hizo," akasema baada ya muda. "Ni ngano?"

"Shayiri."

"Za nani?"

Raithby aliweka mikono nyuma, kidole juu ya kidole ndani ya glavu, na kuanza kumweleza.